Ua limechanua, mbegu haikushika: kutafuta kosa ndani ya ovuli

Mahindi yakishavunwa na kumenywa, lawama huangukia vitu viwili: mbegu iliyonunuliwa na mbolea. Hindi lenye mapengo kule Mbozi, boga linalooza likiwa na ukubwa wa ngumi kule Rungwe, mpunga uliojaa mapepe, yaani punje tupu, Mbarali, parachichi jembamba lisilo na kokwa Njombe: kila moja lina muuzaji wake wa kusemwa. Lakini matatizo haya yote hutokea mahali pamoja, ndani ya kitu kidogo kiitwacho ovuli, na ovuli iliyokosa kurutubishwa huacha alama. Ukijua kuisoma alama hiyo utajua kosa lilitokea wiki gani, na huenda ukaokoa fedha uliyotaka kuipeleka kwenye mfuko mwingine wa yurea.

Kinachotakiwa kutokea

Ovuli ni mbegu ambayo bado haijawa mbegu. Hukaa ndani ya ovari, ile sehemu ya chini ya ua iliyotuna kidogo. Ovari ya parachichi ina ovuli moja tu, ya harage ina chache zilizojipanga mstari, ya boga ina mamia. Kila ovuli imevikwa ngozi nyembamba, na upande mmoja wa ngozi hiyo pameachwa tundu dogo sana. Ndani yake, kwa mimea mingi inayotoa maua, kuna mfuko wenye seli saba. Kwa kazi yetu zikumbuke mbili: yai, ambalo liko karibu na tundu, na seli kubwa ya katikati yenye viini viwili. Ubavuni mwa yai zipo seli mbili saidizi.

Chavua, ule unga wa sehemu ya kiume ya ua, ikitua kwenye stigma (ncha ya sehemu ya kike inayoupokea) iliyo tayari hunyonya maji, huvimba, na kuotesha mrija. Mrija huo hupenya shingo ya ua mpaka kwenye ovari, na ukikaribia ovuli hufuata ishara za kikemikali zinazotolewa na zile seli saidizi. Ukifika unaingia tunduni, unapasuka, na kumwaga seli dume mbili. Ya kwanza inaungana na yai, na hapo kinaanza kiinitete, yaani mche wa msimu ujao. Ya pili inaungana na seli ya katikati, na hapo inaanza endospemu, chakula cha kiinitete. Urutubishaji huu wa mara mbili ulielezwa kwanza mwaka 1898 na mwanabotania Mrusi Sergei Nawaschin, aliyekuwa akichunguza maua ya jamii ya yungiyungi, na mwaka uliofuata Léon Guignard wa Ufaransa akaona jambo lilelile.

Endospemu si jambo la pembeni kwetu. Unga wa sembe ni endospemu karibu tupu, kwa kuwa mashine ya kukoboa imeshaondoa ganda na kiinitete. Mchele mweupe ni hivyohivyo. Harage lina njia yake: endospemu huliwa na kiinitete ganda likiwa bado bichi, kwa hiyo tunachokula sisi ni kiinitete chenyewe kilichonenepa. Ukila sahani ya makande umekula kazi ya seli dume zote mbili.

Kwa hiyo mbegu ikikosekana, kosa limetokea katika moja ya hatua tatu. Huenda chavua haikufika, au ilifika ikiwa mbovu. Huenda ilifika na kuota, lakini mrija ukaishia njiani. Au urutubishaji ulifanyika vizuri, kisha mbegu changa ikafa kwa njaa au kiu. Hatua hizi tatu hazina tiba moja, na ndiyo sababu naomba ufungue tunda au hindi kabla hujafungua pochi.

Hindi lina mapengo

Kila unywele wa hindi umeanzia kwenye ovuli moja. Hakuna punje mpaka chavua ishike kwenye unywele na mrija usafiri ndani yake wote, mara nyingi sentimita 20 au zaidi, kazi inayochukua karibu siku nzima. Hindi lenye punje 500 limekamilisha safari hiyo mara 500, na pale ilipokwama unapaona kwa macho. Hakuna zao linalosema ukweli waziwazi kama hili.

Usingoje mavuno ndipo uchunguze. Siku nne au tano baada ya nywele kuanza kutoka, chukua mahindi machache kutoka sehemu mbalimbali za shamba. Pasua maganda kwa wembe kuanzia kitakoni kwenda nchani, upande mmoja tu, ukijihadhari usikate nywele. Yabandue taratibu, moja baada ya jingine, kisha shika hindi kwa kitako chake na ulitikise. Unywele ambao ovuli yake imerutubishwa huachia wenyewe ndani ya siku moja hadi tatu, hivyo utaanguka. Unaobaki umeng'ang'ania unakuambia kuwa ovuli yake bado inasubiri. Zikibaki za nchani peke yake, na mbelewele, yale maua dume ya juu ya mmea, bado zinatimua chavua, usiwe na wasiwasi, maana nywele za nchani hutoka mwisho. Zikibaki huku na huku hindi zima, umeligundua tatizo mapema kuliko majirani zako wote.

Kama hindi limeshakomaa, angalia mapengo yako wapi.

Mapengo ya nchani ndiyo yanayopotosha watu zaidi, kwa sababu yana asili mbili zisizofanana. Sogeza hindi karibu na jicho. Ukiona vipunje vidogo vilivyosinyaa, vyeupe au vya njano iliyofifia, urutubishaji ulifanyika. Mmea ulikosa maji, naitrojeni au mwanga katika wiki mbili hivi za mwanzo, ukaziacha punje za nchani kwa kuwa ndizo changa kuliko zote. Hapa ndipo suala la mbolea ya kukuzia lina mashiko: iliwekwa imechelewa, ilisombwa na mvua, au mimea ilibanana mno. Lakini ukikuta hakuna punje kabisa, ni vinundu vidogo tu vilivyojipanga kwenye safu zao, hizo ni ovuli ambazo hazikurutubishwa. Nywele zake zilichungulia nje chavua ikiwa imekwisha.

Mkosaji mkubwa hapo ni ukame. Nywele zinahitaji maji mengi ili zirefuke, kwa hiyo mvua ikikata wakati wa kuchanua, mbelewele humwaga chavua kwa wakati wake huku nywele zikichelewa ndani ya maganda. Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mahindi ya muda mrefu yaliyopandwa Novemba au Desemba hupitia hatari hii kuanzia Februari. Mfuko wa ziada wa yurea hautengenezi chavua iliyokwisha kumwagika. Kinachosaidia ni kupanda mvua za kwanza zinapotulia, kumaliza palizi kabla ya mbelewele ili magugu yasigombee maji, na kwa mwenye mfereji, kuielekeza zamu yake ya maji kwenye wiki ya nywele hata kama italazimu aruke zamu nyingine.

Mapengo ya kitakoni yana maelezo mafupi. Nywele za sehemu hiyo hutoka mapema, na huenda zilitangulia chavua au zililiwa siku za mwanzo.

Hindi lililopinda, lenye punje upande mmoja na upara upande wa pili, lilipata chavua haba: nywele za juu ziliifunika safu ya chini. Utaliona zaidi kwenye bustani za nyumbani, pale mtu alipopanda mstari mmoja mrefu kando ya uzio. Upepo huichukua chavua yote na kuipeleka barabarani. Idadi ileile ya mbegu ipandwe kama kipande cha mraba chenye mistari minne au mitano mifupi, na tatizo litapungua sana.

Mapengo yaliyotapakaa kila mahali, chunguza wadudu kwanza. Viwavijeshi vamizi, waliothibitishwa nchini mwaka 2017, hula majani, lakini pia huingia kwenye ncha ya hindi na kutafuna nywele, na wapo mbawakawa wenye tabia hiyohiyo. Unywele uliokatwa mara moja bado unaweza kupokea chavua. Ukikatwa kila siku mpaka usawa wa maganda, chavua haina pa kushika. Ukilazimika kupuliza dawa wiki hiyo, pulizia jioni. Chavua humwagika zaidi asubuhi umande unapokauka, kati ya saa 3 na saa 5 hivi, na nyuki hufuata chavua ya mahindi saa hizohizo. Jua likiwa kali na hewa kavu, chavua yenyewe inaweza kufa ndani ya saa moja au mbili.

Kuna dalili unayoweza kuiona hata ukipita barabarani: nywele ndefu kupita kiasi, bado mbichi, zinaning'inia kwenye hindi. Unywele huendelea kurefuka mpaka ovuli yake irutubishwe. Shamba lenye nywele za namna hiyo halijapata chavua.

Punje za njano kwenye mahindi meupe

Hili si ugonjwa. Ni ushahidi wa ile seli dume ya pili, na ni jambo ninalopenda kuliko yote katika somo hili, kwa sababu mkulima anaweza kuuona urutubishaji wa mara mbili bila darubini.

Ganda la nje la punje ni la mama peke yake. Endospemu ina baba pia: mama huchangia sehemu mbili, kutoka vile viini viwili vya seli ya katikati, na baba huchangia sehemu moja. Chavua ya mahindi ya njano ikipeperuka kutoka kwa jirani na kutua kwenye nywele za mahindi meupe, punje hugeuka rangi msimu huohuo. Mara nyingi njano yake huwa imepauka, kwa kuwa rangi imetoka kwa mzazi mmoja katika sehemu moja kati ya tatu. Punje za zambarau zinazochomoza pengine zina asili kama hiyo, rangi yake ikiwa katika tabaka la nje la endospemu.

Je, utajuaje kama mbegu uliyouziwa ilichanganywa? Tazama namna punje zilivyokaa. Chavua ya jirani huleta punje chache zilizotawanyika kwenye mahindi mengi, hasa upande wa shamba unaopokea upepo. Mbegu iliyochanganywa huleta mmea mmoja hapa na mwingine pale wenye hindi ambalo karibu lote ni la njano. Hili la pili ndilo la kumrudishia muuzaji ukiwa na risiti mkononi.

Punje hizo zinalika bila shida. Kama unajiwekea mbegu ya aina isiyo chotara, usizipande, na chagua mahindi ya katikati ya shamba badala ya pembezoni. Umbali wa mita 200 au zaidi kutoka kwa mahindi ya rangi nyingine husaidia, au kupishana kupanda kwa wiki tatu hadi nne ili maua yasikutane.

Mapepe: mpunga na alizeti

Mpunga hujichavusha wenyewe, kwa hiyo nyuki hawahusiki. Minya punje kati ya vidole. Ikiwa tupu kabisa, hakukuwa na urutubishaji. Ikiwa na mchele mwembamba uliokunjamana, ilirutubishwa ikakosa chakula, na hapo tafuta maji yaliyokatika mapema au ugonjwa uliokausha shingo ya suke.

Kwa pepe tupu, rudi nyuma kwenye kalenda. Chavua ya mpunga hutengenezwa suke likiwa bado ndani ya ala ya jani, wakati mmea una mimba, yapata siku 10 hadi 12 kabla ya suke kutoka. Baridi ikiingia siku hizo, joto likashuka chini ya nyuzi 17 hivi kwa siku kadhaa mfululizo, chavua huharibika ikiwa changa, na suke hutoka likionekana zuri ila halina uwezo. Yai kwa kawaida huwa zima, ni upande wa kiume ulioumia. Ndiyo maana kitalu kilichochelewa bonde la Usangu ni hatari: mimba ya mpunga inasogea kuelekea baridi ya Juni. Joto nalo huua. Likipita nyuzi 35 saa ambazo maua yamefunguka, chavua hukauka kabla haijaota.

Alizeti hudanganya zaidi, maana ganda lake hukua hata kama ndani hamna kitu. Kichwa huonekana kimejaa mpaka siku ya kukamua. Lakini maua ya alizeti hufunguka kuanzia ukingoni kwenda katikati, duara baada ya duara, kwa siku kadhaa, kwa hiyo kichwa kinatunza kumbukumbu. Duara la mapepe lililozungukwa na mbegu nzima ndani na nje linamaanisha siku chache mbaya: mvua ya mfululizo, baridi iliyowazuia nyuki, au dawa iliyopulizwa asubuhi. Mapepe ya katikati peke yake yanaonyesha maji au chakula kiliisha mwishoni.

Kirutubisho cha boroni kinatajwa sana siku hizi, na kweli mrija wa chavua hauwezi kukua vizuri bila hicho. Udongo wa kichanga uliosuuzwa na mvua nyingi unaweza kuwa na upungufu. Ila boroni ikizidi kidogo tu ni sumu kwa mmea, kwa hiyo pima udongo kwanza, ulizia kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole au kwa afisa ugani wako, ndipo uinunue.

Boga linakuwa la njano na kuoza likiwa changa

Boga lina maua ya aina mbili kwenye mmea mmoja. Ua dume limesimama juu ya kikonyo chembamba kirefu. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake tangu siku ya kwanza, na hicho ndicho ovari, ovuli zimo ndani. Ua jike hufunguka asubuhi moja tu. Nyuki wasipofika kabla halijafumba, kiboga husimama kukua, hugeuka njano kuanzia ncha yenye ua, kisha kuvu huingia na watu husema ni ugonjwa. Kuvu hiyo ilikuja baadaye. Kata kiboga kilichoanguka katikati: ukiona mbegu ni ngozi nyeupe nyembamba, zote za ukubwa mmoja, hakuna hata moja iliyorutubishwa.

Boga lililokua upande mmoja likapinda lilipata chavua kiasi. Mbegu changa hutoa homoni zinazoamuru nyama ya tunda iliyo karibu nayo ikue, na upande usio na mbegu unabaki nyuma.

Tiba ni ya bure. Asubuhi, kabla ya saa 3, chuma ua dume lililofunguka, ondoa petali zake, na upakaze unga wake kwenye stigma ya ua jike, pande zote. Ua dume moja linatosha majike mawili au matatu. Na tuwe waangalifu na mboga: majani na maua ya maboga ni kitoweo kizuri, lakini nyumba inayochuma maua dume yote kila asubuhi isitegemee maboga. Bakiza machache. Maua ya kwanza kabisa kwa kawaida huwa madume matupu, hayo kuyaona yakianguka si tatizo.

Parachichi: maua mengi, matunda haba, au vitunda kama vidole

Mti wa parachichi hutoa maua mengi sana, na chini ya ua moja katika kila mia hufikia kuwa tunda. Kupukutika kwenyewe si dalili. Dalili ni mti mzima wenye afya kubaki karibu mtupu, au kujaa vitunda vyembamba virefu visivyo na kokwa.

Ua la parachichi hufunguka mara mbili. Mara ya kwanza ni jike: stigma iko tayari, chavua imefungwa. Linafumba, kisha siku ya pili linafunguka likiwa dume. Aina ya Hass, ambayo imepandwa kwa wingi Njombe, Rungwe na Iringa, hufunguka jike asubuhi, na kesho yake alasiri hufunguka dume. Fuerte hufanya kinyume chake, jike alasiri na dume asubuhi inayofuata. Ndiyo sababu ya kuchanganya miti michache ya Fuerte au aina nyingine ya kundi lake ndani ya shamba la Hass: kila saa ya mchana pawe na jike mahali fulani na dume mahali pengine.

Baridi huvuruga utaratibu huu. Maua huchelewa kufunguka, hatua ya jike hufupishwa au kurukwa, mrija wa chavua hutambaa polepole mpaka ovuli inazeeka kabla haujafika, na nyuki hubaki mzingani. Kitunda chembamba kisicho na kokwa mara nyingi ni matokeo ya kiinitete kilichokufa mapema, tunda likaendelea kukua kidogo bila mbegu. Ukiviona vichache, viuze kwa wanaovipenda na usihangaike. Ukiviona vingi mwaka baada ya mwaka, angalia kama shamba liko bondeni ambako hewa baridi hutuama usiku, ongeza mizinga, na panda aina ya pili.

Matufaha ya Makete na Njombe yana tatizo la ndugu yake. Aina nyingi hukataa chavua yake yenyewe: chavua hutua, huota, lakini mrija husimamishwa ndani ya shingo ya ua. Kata tunda kwa upana. Utaona vyumba vitano, na kila kimoja kwa kawaida huwa na ovuli mbili. Vyumba vyenye mbegu nzima viko upande ulionenepa, vitupu viko upande uliobonyea. Shamba la aina moja tu litakusumbua hata ungelimwagia samadi ya kijiji kizima.

Maharage, nyanya, na yasiyohitaji tiba

Maharage hujichavusha kabla ua halijafunguka vizuri, hivyo kosa mara nyingi ni kiu, au naitrojeni nyingi iliyopeleka nguvu kwenye majani. Inua ganda changa ulitazame likiwa kati ya jicho na jua. Kwenye pengo, kitone kidogo ni ovuli iliyokosa, na kipunje kilichosinyaa ni mbegu iliyoanza ikafa. Nyanya zilizopandwa kwenye baridi ya Juni na Julai, usiku joto likishuka chini ya nyuzi 13, huwa na chavua dhaifu: maua hudondoka, au tunda huwa na kona na uwazi ndani, mbegu chache. Kutikisa vikonyo vya maua asubuhi jua likishapanda husaidia kiasi.

Viazi mviringo vikidondosha maua yote, viache. Kiazi ni shina lililovimba chini ya ardhi na hakidai ovuli yoyote. Ndizi za Tukuyu nazo hukua bila urutubishaji, na vile vitone vyeusi katikati ya ndizi mbivu ni mabaki ya ovuli zake. Mtu akikuuzia dawa ya kuzuia maua ya viazi yasidondoke, mwambie hapana.